Mke Mwenzangu Hataki Chakula Changu

Jumamosi, 5 Oktoba

Mume wangu Abdurahmani amenipiga marufuku ya mdomo. Si mkali, maskini, huyu ni mtu wa kunong'ona hata akiwa na njaa. Leo baada ya alasiri alinifuata jikoni, akavua kofia, akasema, "Fauzia, ukiwa na neno juu ya mwenzio, liandike. Usiliseme. Una mwandiko mzuri." Basi naandika. Karatasi haina masikio.

Chanzo chenyewe ni hiki. Asubuhi tulianza kuokota korosho. Mikorosho mwaka huu imebeba mpaka matawi yamelala chini, sijapata kuona hapa Kilangala. Mimi nimeinama, Natalia jirani yetu ameinama, na mke mwenzangu Somoe amekaa kivulini ananyonyesha. Nikasema, ili kila mwenye masikio asikie, kwamba wengine Ramadhani nzima wamekula mihogo mchana kwa kisingizio cha kunyonyesha, sasa hata kuokota hawataki. Deni la Mungu shingoni, deni la kazi mgongoni. Nilisema kwa kucheka. Natalia alicheka. Somoe hakucheka.

"Nimekusikia, dada," alisema.

Ni hilo tu. Mzaha. Yeye ni binti wa Mitwero, wa mjini mjini, mikono laini, ana mtoto wa kwanza anayetambaa. Mimi nimelea watano hapa na wote wana majumba yao. Kama siwezi kumtania mke mdogo, nimtanie nani?

Jumatatu, 7 Oktoba

Joto. Somoe hakula mchana. Ati ameshiba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bibo lililooza, lile tunda la korosho, linateleza kuliko sabuni. Tunalijua sisi, ndiyo maana tunatembea kwa vidole chini ya mikorosho. Somoe alikuja na kiroba kichwani, mwendo wa lami, akakanyaga bibo, akaanguka kwa bega la kushoto na kiroba kikamfuata. Hakupiga kelele. Aliguna mara moja, kisha akakaa akiutazama mkono wake kama si wake.

Nilimpakia bodaboda nikakaa nyuma yake kumshikilia, mtoto nikamwachia Natalia. Zahanati tulimkuta Valentini, tabibu wetu, Mmatumbi wa kule milimani Kilwa, mtu wa maswali. Alilizungusha lile bega taratibu, akasema mfupa haujavunjika wala haujachomoka, ila misuli imevutika vibaya. Halafu akaanza: una vidonda vya tumbo? Pumu? Presha? Figo? Una mimba? Kuna dawa nyingine unayotumia? Somoe akajibu hapana, hapana, hapana, mpaka nikachoka mimi.

"Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Leo umekula?"

"Bado. Nitakula."

Akampa diklofenaki, ile tunayoiita diklo. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, na maji ya kutosha, kwa siku tano. "Kula kwanza, ndipo umeze. Zikiisha, usiongeze mwenyewe, rudi kwangu nikuone. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu. Ukiona choo cheusi, au tumbo linawaka, acha hapohapo uje." Akamfunga mkono kwa kanga shingoni, akasema apumzike.

Maelezo marefu kuliko mawaidha ya harusi, kwa vijidonge vinavyoenea kwenye kiganja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika jambo ambalo limenishangaza kweli. Jana alasiri Somoe hakuweza kujifunga kanga, nilimfunga mimi. Kutoka nyumbani kwangu, maana nyumba zetu zinatazamana, nilimsikia akigugumia kila mtoto alipomgusa. Magharibi akameza dawa. Asubuhi hii nimemkuta anafagia uwanja, anaimba.

Mimi hizi diklo nimezimeza miaka na miaka kwa ajili ya goti, kila msimu, wala sijapata kuwaza. Leo nimewaza. Kidonge hakina macho. Kimeingia mdomoni, kikateremka tumboni kwenye giza, halafu kimejuaje njia ya begani? Kimeacha kichwa, kimeacha miguu, kikaenda hadi pale palipouma na kupanyamazisha. Subhanallah. Mwanadamu kasaga unga kautia maarifa.

Jumapili, 13 Oktoba

Shambani tena, mkono ameutoa kwenye kanga. Hakula. Alipokea sahani yake akaenda nayo nyuma ya miti, akarudi nayo tupu. Labda ana haya.

Jumanne, 15 Oktoba

Vilevile. Sahani nyuma ya miti.

Alhamisi, 17 Oktoba

Dawa za Valentini zimeisha na bega limeamka. Nikasema rudi zahanati. Somoe akasema kuna foleni na korosho haziokotwi na foleni. Abdurahmani akapita duka la dawa kule barabarani akamletea karatasi nzima ya diklo. Hakuulizwa cheti wala mgonjwa ni nani.

Lazima niseme kweli, hata kama ni kwenye karatasi: anafanya kazi siku hizi. Anaokota kunizidi. Mimi nilidhani nimeletewa pambo la nyumba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa.

Msimu wa korosho, chakula cha mchana cha shambani anapika mke mkubwa na anapakua yeye. Ndivyo alivyofanya mama mkwe wangu, na ndivyo nifanyavyo. Leo nilikwenda nyuma ya miti kutafuta fimbo, nikamkuta Natalia amekaa na sahani. Sahani ya Somoe. Ugali wangu wa muhogo, mbaazi zangu za nazi, anakula taratibu kabisa.

"Natalia, hiyo umeipata wapi?"

"Ananipa Somoe, dada Fauzia. Kila siku. Nilidhani unajua."

Kila siku! Asiyekaa uke wenza hataelewa. Mke mwenza akikataa sahani yako, hajasema hana njaa. Amesema umetia kitu. Amesema wewe ni mtu wa kumlisha mwenzio sumu. Anaweza kunitukana hadharani nikamsamehe jioni, lakini hili la kupokea kwa mikono miwili, "ahsante dada," halafu kumpa jirani, hili ni la kunizika.

Na nimekatazwa kusema. Sawa. Nimenyamaza. Mbaazi zimenikwama kooni mimi mwenyewe niliyezipika.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakula.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hakula. Nilimpakulia nyingi zaidi makusudi. Natalia ananenepa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Upepo wa moto. Bega linamsumbua Somoe jioni jioni, sasa anasema na tumbo linawaka kidogo. Natalia akafungua pindo la kanga, akamtolea vidonge vyake vya rangi ya waridi. "Hivi ni vingine kabisa. Weka na zile za kwako, kesho utaruka kama mbuzi." Na mimi nikafungua pindo langu, nikameza diklo yangu ya goti. Msimu huu ukimkuta mwanamke wa hapa hana kidonge kwenye pindo, ujue ni mgeni. Tunameza kama tunavyofunga vilemba, ndiyo kuanza kazi.

Somoe akavipokea. Vya Natalia anavipokea.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bombani leo wanawake walikuwa wanazungumza, nilipofika wakawa wanateka maji. Natalia ana moyo mzuri lakini mdomo wake hauna mlango. Ameshawaeleza kwamba Somoe hali chakula changu. Nikatua ndoo, nikawasalimu mmoja mmoja, wakaitika wakitazama bomba.

Nimeishi hapa tangu ukigori wangu. Nimewazalisha wawili kati yao.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nilimuuliza Abdurahmani, "Mke wako ananiogopa?"

"Hakuogopi."

"Basi mbona hali kwangu?"

Akavaa kofia akaenda msikitini. Adhana ilikuwa bado.

Jumamosi, 2 Novemba

Somoe anakaa chini mara kwa mara. Midomo imekauka. Anasema moyo unamwenda mbio akiinuka. Nilitaka kumwambia kunywa maji, nikajizuia. Atasema nimetia kitu.

Jumanne, 5 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naandika kwenye benchi la hospitali, Lindi mjini, juu ya goti.

Mchana mawingu yalipanda ghafla kutoka baharini na korosho zote ziko kwenye turubai zinakauka. Korosho iliyonyeshewa ghalani hawaitaki, kwa hiyo kila mtu akakimbia. Mimi na Somoe tukashika ncha mbili za turubai kukunja. Nikavuta, upande wake haukuja. Nikageuka kumgombeza, nikaona ameshapiga magoti. Akatapika. Alichotapika kilikuwa cheusi, chembechembe, mfano wa machicha ya kahawa, na kilikuwa kingi.

Nilimshika kichwa. Uso wake haukuwa na rangi. Nikafungua kiganja chake, kilikuwa cheupe, hata mistari imekwisha.

Wanawake wakaja. Hakuna aliyeniuliza lolote. Mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Amemla mwenzake." Mwingine akanishika mkono akanitoa, kwa adabu, kama unavyomtoa mtoto kwenye kaburi. Mtoto wa Somoe alikuwa analia kwenye jamvi, nikamwendea, wakamwahi.

Natalia akasema, "Mimi ndiye niliyekila chakula chenyewe, na mnaniona nimesimama." Wakamjibu sumu ya uke wenza inachagua mtu.

Pikapu ya chama cha ushirika ilikuwa inapakia magunia. Abdurahmani, huyu mtu wa kunong'ona, akasimama mbele ya gari akayashusha magunia ya watu kwa mikono yake, akamlaza mkewe. Nami nikapanda. Waliponitazama nikawaambia kama ni sumu yangu basi nipelekeni polisi mkitoka hospitali, lakini sishuki.

Zahanati Valentini alimvuta kope la chini, akatazama, akamwuliza choo kikoje. Somoe akanong'ona, "Cheusi. Lami." Tangu wiki iliyopita. Alidhani ni mbaazi, halafu akakumbuka mbaazi hajala. Valentini akamwekea dripu, akapiga simu mjini, akapanda na sisi. Njiani, akiwa ameishika ile chupa juu, akaanza maswali yake.

"Dawa umemeza vipi?"

"Ulivyosema. Viwili kwa siku."

"Asubuhi na jioni?"

"Jioni vyote. Magharibi." Alivuta pumzi. "Na vya Natalia viwili, hivi karibuni."

"Baada ya kula?"

"Kabla. Kwa maji. Nilikuwa nafungulia dawa, ili nisali nisiumwe kwenye sijida. Chakula kinashuka kidogo tu baadaye, tumbo linawaka."

Valentini akamtazama. "Unafunga?"

Somoe akafumba macho. "Nalipa Ramadhani yangu."

Gari lilikuwa linaruka kwenye makorongo na mimi nimeshika bomba la pikapu, nikahisi ninaanguka ingawa nimekaa. Anafunga. Na jua lile. Na mtoto ananyonya. Na bega lile. Hakuwa anakataa sahani yangu. Alikuwa anaificha funga yake nyuma ya miti, kwa sababu ibada ya kuonyesha watu haina thawabu.

"Tangu lini?" nikauliza. Sauti yangu sikuijua.

"Tangu Jumatatu ile, dada. Uliponikumbusha."

Hakusema uliponitukana. Alisema uliponikumbusha.

Jumatano, 6 Novemba

Yu hai. Naandika hilo kwanza.

Daktari wa hapa ni binti anaitwa Romana, mdogo kuliko mwanangu wa tatu. Amesema kuna kidonda tumboni kinavuja damu, wamempa sindano za kukizuia, lakini damu iliyokwisha kutoka ni nyingi na lazima aongezewe. Ndugu watoe, ili benki yao isikauke.

Mimi nikakaa wa kwanza. Nilitaka damu hiyo itoke kwangu. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa gauni. Nesi akanifunga kile kitambaa cha presha, akapuliza, akafungua, akapuliza tena. Akamwita Romana.

"Mama, unajua kama una presha?"

"Sina."

"Unayo, na iko juu sana. Damu hatuwezi kukutoa. Kuna dawa yoyote unameza?"

Nikafungua pindo la kanga. Romana akazitazama diklo zangu akauliza nazimeza tangu lini. Nikamwambia tangu wewe hujaanza shule, daktari. Hakucheka. Akasema mtu mwenye presha dawa hii inampandishia, inamtesa figo, na inauhatarisha moyo wake. Akanipima mkojo palepale. Anasema nina bahati, figo bado ni nzima. Akaniomba zile dawa kwa mkono, nikampa.

Kwa hiyo nikaambiwa nikae pembeni. Maisha yangu yote sijawahi kukataliwa kitu cha bure.

Natalia akafika na bodaboda, mtoto wa Somoe mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa amelia njia nzima kwa sababu ya vile vidonge vyake vya waridi. Akanyoosha mkono bila kuulizwa. Baadaye nikaona mfuko umetundikwa juu ya kitanda cha Somoe, sijui kama ni damu ya Natalia au ya mtu wa Nachingwea au ya nani, maana wanasema zinachaguliwa zinazolingana. Tone, tone, tone. Nilikaa kuitazama. Mtu ambaye huenda hamjui kabisa alikunja mkono siku moja akaenda zake, na leo kile alichokitoa kinaingia kwa mke mwenzangu na midomo yake inarudiwa na rangi mbele ya macho yangu. Niliona kwa macho. Ukucha mmoja, kisha wa pili. Nilisoma Yasini nusu, nikabaki natazama tu.

Mchana mama yake Somoe alikuja kutoka Mitwero. Nilimwamkia shikamoo, akapita. Habari ya Kilangala ilikuwa imemfikia kabla yetu. Alimchukua mjukuu mgongoni, akaniambia uso kwa uso, "Mwanangu yuko mikononi mwa madaktari. Mjukuu wangu simwachi kwako."

Daktari atamweleza, nikafikiri. Lakini mwanamke aliyekwisha kuogopa haelezwi na daktari.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo Romana alikaa nasi akaeleza, mimi na Abdurahmani, na mama yake Somoe amesimama mlangoni na mtoto, hasogei.

Nilimwuliza lile lililonisumbua tangu mwanzo: kidonge kinajuaje njia ya begani?

"Hakijui, mama. Kinakwenda kote. Kinaingia kwenye damu na damu inakipeleka kichwani, begani, kwenye figo, tumboni, kila mahali. Wewe unasikia begani tu kwa sababu ndipo palipokuwa panauma."

Kisha akasema jambo ambalo tangu saa ile sijatulia. Kwamba mwili wenyewe ndio unaotengeneza kitu kinacholeta maumivu na uvimbe pale ulipoumia. Dawa inakwenda kukizuia, ndiyo maumivu yanakwisha. Lakini kina ndugu yake, wa tumbo moja naye, anayekaa tumboni kazi yake ni kulinda: anatengeneza ute unaofunika ukuta wa tumbo ili ile asidi ya kusagia chakula isitusage sisi wenyewe. Dawa haiwatofautishi. Ikimfunga huyu, inamfunga na yule.

"Kwa siku chache, dozi ndogo inayotosha, na mtu anakula na kunywa maji, wengi tumbo linavumilia," akasema. "Ni dawa nzuri. Valentini hakukosea kuitoa. Lakini Somoe alizimeza mbili kwa mpigo, akaziongeza zaidi ya alivyoandikiwa, akachanganya na ibuprofeni. Zile za waridi jina jingine, ukoo uleule. Hakupata nafuu mara mbili, alipata madhara mara mbili. Na mwili umekauka kwa kiu na jua. Tumbo likabaki halina mlinzi."

Mimi nimepasua kuku, nimepasua mbuzi, tumbo naona ni mfuko tu. Kumbe ndani ya kila mmoja wetu kuna moto wa kuyeyusha nyama, na kati ya moto huo na sisi kuna ute mwembamba, unafumwa usiku na mchana na hatujui, hatuombi, hatushukuru. Nimetembea nao miaka hamsini na ushee. Nimeinama na kuinuka juu yake. Nimeutwanga kwa diklo msimu baada ya msimu, na bado ulikuwa unafumwa. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Abdurahmani akanifuata. Nikamwuliza, "Ulijua anafunga?"

"Nilijua. Ndimi niliyekuwa namwamsha daku, siku za zamu yake."

"Ukaniacha niamini ananiona mchawi."

"Aliniapisha. Alisema ni baina yake na Mungu. Na wewe nilikuwa nimeshakukataza kusema." Akavua kofia, akaigeuza geuza. "Nilidhani kukiwa kimya kutakuwa na amani, Fauzia."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nilimnunulia chai.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua ya kwanza. Natalia amepiga simu, korosho za turubai la pili zimelowa. Zilowe.

Alhamisi, 14 Novemba

Somoe amekaa mwenyewe leo. Bega bado linamuuma akinyanyua mkono. Romana anampa panado kwa vipimo, anasema diklo na jamaa zake zote asiziguse tena, na popote atakapotibiwa aseme wazi kwamba tumbo lake liliwahi kutoka damu. Na kufunga, mpaka daktari aseme.

Tulikuwa wawili. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuua."

"Mimi mzima, dada."

"Mdomo wangu."

"Deni lilikuwa langu kweli." Akacheka kidogo, akashika tumbo. "Ila ungeweza kulisema polepole."

"Mungu kamruhusu mgonjwa kula. Hata Valentini Mkristo anajua."

"Nilijua. Lakini dawa ilikuwa inaniondolea maumivu, nikajiona si mgonjwa tena."

Nimelifikiria jibu hilo mpaka jua limezama. Maumivu yalikuwa yanamwambia kaa chini, na sisi tulimnyamazisha msemaji tukadhani tumeondoa jambo. Nikamwomba radhi. Nililia, nami si mtu wa kulia. Akanifuta kwa pindo lake la kanga, halina kitu.

Kisha akaniuliza watu wa nyumbani wanasemaje. Sikumficha. Nikamwambia mama yake hanipi mtoto hata nimshike. Nikamwambia bombani nikienda peke yangu, narudi peke yangu, na mwanangu mkubwa amenipigia kuuliza kama ni kweli. Alisikiliza yote.

Jumapili, 17 Novemba

Tumerudi Kilangala. Majani yameota chini ya mikorosho, mabichi mno, kwa mvua chache tu.

Wamekuja watu kutoa pole, ua umejaa. Wale wa bombani, Natalia, mama yake Somoe na mtoto amemfunga mgongoni kwa mafundo mawili. Abdurahmani aliwaeleza habari ya dawa, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Natalia akaongeza ya kwake kuhusu vidonge vya waridi, akilia. Watu wakasema loo, wakasema Mungu mkubwa, na wengine wakagusa mapindo yao ya kanga. Niliwatazama. Walikuwa wamesikia. Lakini kusikia ni kitu kimoja.

Wageni hawaachwi wakavu, kwa hiyo nilikuwa nimepika. Wali laini wa nazi kwa ajili ya mgonjwa, na samaki wa mchuzi mwembamba usio na pilipili. Nikaleta sinia katikati ya jamvi, nikaweka na maji ya kunawa. Nikasema karibuni.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja akasema ametoka kula sasa hivi. Mwingine akasema ana miadi. Macho yote yako kwenye sinia, mvuke unapanda, na mimi nimesimama na kijiko cha kupakulia, sijui nikiweke wapi. Ningeweza kula mimi kwanza. Lakini kama ni lazima nionje chakula changu mbele ya majirani zangu, basi nimekwisha kuhukumiwa.

Somoe alikuwa ameegemea ukuta. Akasema, "Mama, nipe mwanangu."

Mama yake akasita, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Somoe akampakata mtoto kwenye paja kwa mkono mzima. Akanawa. Akasogea kwenye sinia kwa magoti, polepole, na bega lile linamuuma, niliona. Akafinyanga tonge dogo la wali wangu, akachambua samaki miiba akaiweka pembeni, akapuliza, akalitia kinywani mwa mtoto wake.

Mtoto akatafuna kwa ufizi, akameza, akafungua mdomo tena. Somoe akampa la pili. Kisha akala yeye, akatafuna taratibu kama alivyoelekezwa, hakuniangalia mimi, alikuwa anamwangalia mama yake.

"Sogea ule, mama," alisema. "Kinapoa."

Yule mama akakaa jamvini. Halafu akavuta bakuli la maji, akanawa mikono.